Masika ya Komfri na Wifi

Machi 9

Imenyesha tangu alfajiri, na hii ni mvua ya kweli, si ile ya kulaza vumbi ikaondoka. Nimeacha pazia la mteja kwenye cherehani nikatoka nyuma na jembe kabla hata ya chai. Udongo uliokuwa mkaidi wiki nzima leo umekubali kidole kuingia mpaka kiungo cha pili.

Komfri zangu sita za mwaka jana zimeamka zote. Aliyenipa mizizi ni bibi mmoja mstaafu niliyemshonea mapazia ya sebuleni. Aliona udongo kwenye kucha zangu, akanipeleka bustanini kwake na kunionyesha mmea wenye majani mapana, yenye vinyweleo vya kukwaruza kama ulimi wa ng'ombe. "Fikiria kwanza pa kuipanda," aliniambia, "maana hii haihami. Ukiing'oa ukasahau kipande cha mzizi kama ukucha, inarudi." Nikaipenda hapo hapo. Mizizi yake inashuka chini kuliko ya mboga yoyote, inachota chakula huko na kukipandisha kwenye majani. Ukikata majani ukayarudisha kwenye udongo, nyanya zinakula vya chini bila kujisumbua kushuka.

Leo nimepasua mashina mawili kwa jembe, nimepata vipande vya mizizi vya kutosha mstari mpya, vyeusi nje na vyeupe ndani. Nimevilaza ubavu, kina cha kidole, hatua nzima kati ya kimoja na kingine, samadi chini yake. Viko kando ya ukuta, mahali ambapo sitabadili mawazo. Masika haya bustani yangu itasemwa.

Machi 12

Mvua. Nimeshona.

Machi 15

Mume wangu amepiga simu akiwa njiani. Yeye ni dereva wa lori la masafa marefu; nyumbani anakuja kama mgeni, na kama mgeni hana ubishi. Leo sauti yake ilikuwa ya kubembeleza kabla hata hajasema neno, nikajua kuna jambo.

Dada yake mkubwa ameteleza kazini. Ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha mikate. Sakafu ilimwagikiwa mafuta, na mfupa wa muundi umevunjika. Anaishi peke yake ghorofa ya tatu na ngazi haziwezi.

"Ni masika haya tu, mke wangu."

Wifi yangu huyu, miaka kumi na mmoja iliyopita, alipoambiwa kaka yake anaoa mshona mapazia, alisema mbele ya watu: "Basi atamfunika asione mlango." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa ilikuwa posa yangu. Tangu siku hiyo sijakanyaga kwake, wala hajanialika.

Nimesema sawa. Nimesema kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Machi 17

Amefika. Plasta kutoka gotini hadi vidoleni, magongo mawili, begi moja dogo. Nimempa chumba kilicho pua na mdomo na chumba changu cha kushonea. Hata saa moja haijapita ameshaniambia sahani zangu zimepangwa kinyume, feni inapuliza uchafu, na pazia la chumbani kwake limekatwa fupi. Hilo la pazia ni kweli, ndilo lililoniuma.

Haniiti wifi. Ananiita "mke wa kaka", kana kwamba ni cheo nilichopewa kwa muda.

Machi 24

Komfri za zamani zimefika magotini, kwa hiyo leo nimekata. Nimevaa glavu na mikono mirefu, maana vile vinyweleo vikikugusa ngozi utajikuna hadi kesho. Unashika majani kama unavyoshika nywele za mtoto wa kusukwa, unakata kwa kisu, unabakiza vidole viwili juu ya udongo. Nimeliacha shina moja tu, la karibu na kizingiti, lichanue kwa ajili ya nyuki. Mstari mpya sijaugusa. Mwaka wa kwanza komfri haikatwi. Unaondoa vikonyo vya maua tu ili nguvu ishuke kwenye mzizi.

Wifi alikuwa ameketi mlangoni, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasimamia.

"Unakata kama unanyoa askari."

"Ikikatwa hivi inarudi baada ya wiki chache, tena kwa hasira."

"Na hayo majani ni ya nini? Mboga?"

Nikampa somo zima, kwa sababu kuhusu komfri nikianza sijui kunyamaza. Majani mengine nimeyatandaza chini ya nyanya. Mengine nimeyajaza kwenye pipa, nikayakandamiza kwa jiwe, nikaongeza maji na kufunika. Yakishaoza unachota kikombe kimoja, unachanganya na vikombe kumi vya maji mpaka rangi iwe ya chai isiyokolea, unamwagia mboga. Nikamwambia pia kwamba watu wa zamani waliliita jani la mifupa, wakalifunga kwenye viungo vilivyoteguka. Nilisema hivyo kwa kujivunia tu, kama mtu anavyotaja ukoo wake.

Aliangalia mguu wake.

Machi 28

Leo amenipangia upya kabati la jikoni nikiwa kwa mteja. Nimerudi natafuta chumvi kama mwizi katika nyumba yangu mwenyewe. Jioni nimempigia dada yangu simu huku nikipinda pindo, nikamwaga yote. Nimemwambia nyumba imegeuka kituo cha polisi na nahesabu siku. Dada yangu amecheka mpaka akakohoa. Nimelala vizuri.

Machi 31

Pipa limeanza kunuka. Wifi anasema kuna mnyama amefia bustanini. Nimemwambia hiyo ndiyo harufu ya nyanya za Mei.

Aprili 4

Kuna mtu anakata komfri yangu. Shina la mwisho, lile la karibu na kizingiti, limepungua majani matatu au manne, makubwa. Mvua imefuta nyayo.

Aprili 5

Tena.

Aprili 9

Tena, shina lile lile. Namshuku jirani yangu wa upande wa kushoto. Tunamwita Mama Sungura kwa sababu ana vizimba vya sungura ukuta mzima, na ndiye anayenipa samadi. Mwaka jana aliniomba majani, nikampa. Huenda ameona kuomba ni kupoteza muda.

Wifi leo ameniuliza kama ana ruhusa ya kunisaidia kitu, maana kukaa kunamzeesha. Nimempa pindo za mapazia ya ukumbi, nikitarajia kuzifumua usiku. Sijafumua hata moja. Mishono yake imelingana kama meno ya kitana. Nilipomsifu alisema, "Kazini kwetu mkate ukipinda unarudi kwenye unga." Nadhani kwa lugha yake hiyo ni asante.

Aprili 13

Mvua kubwa. Tumeshona wote wawili mchana kutwa, mlango wazi. Amenisimulia jinsi vijana wa zamu ya usiku wanavyomficha mlinzi mikate ya moto kwenye kofia. Sikujua anajua kuchekesha.

Aprili 16

Nimeharibu ujirani.

Asubuhi nimekuta shina lile limebaki na majani machanga matupu. Damu imenipanda. Nikaenda hadi uani kwa Mama Sungura, nikamwambia kwamba mtu akitaka kitu changu mlango anaujua.

Aliendelea kusafisha kizimba mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Sungura wangu nawalisha kwa jasho langu. Ukinipa napokea, usiponipa sichukui. Nikuulize jambo moja: mwizi gani wa nje aruke mistari yote aje kukata shina la mlangoni kwako?"

"Mwizi anayejua mimi huchungulia mistari, si mlango."

"Haya. Samadi usije kuchukua tena."

Nilirudi nimenyoosha shingo. Wifi alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Mke wa kaka..." akaanza. Nikadhani anataka kunisema kwa kelele, nikapita.

Aprili 20

Chakula anarudisha nusu. Nimedhani ni mapishi yangu, nikajaribu supu. Supu nayo imerudi.

Aprili 25

Anasema tumbo limejaa, hana njaa. Amelala mchana, yeye ambaye hulala kama mlinzi, jicho moja. Nyanya zimefunga matunda ya kijani.

Aprili 28

Mvua tangu juzi haijakatika. Wifi ameshona pindo moja akaliweka chini. Nimemuuliza kama mguu unauma. "Mguu haujambo," amesema, kama anayezungumzia mtu mwingine.

Mei 2

Naandika hospitalini, kwenye benchi, nyuma ya risiti za vitambaa. Nitazinakili nyumbani.

Asubuhi nilitoka kwenda kupima madirisha ya ofisi moja. Nikakuta imefungwa, wafanyakazi wamezuiwa na mafuriko, nikarudi nikinung'unika. Niliingia kwa mlango wa nyuma ili nisilete matope sebuleni. Wifi alikuwa jikoni, ameegemea gongo moja, mgongo kwangu. Kwenye jiko kuna sufuria. Kwenye meza kuna kisu changu cha bustani na majani mawili ya komfri, manyoya yake bado yana matone.

Jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, ni hasira ya majani. Kisha akageuka na mwanga wa dirisha ukampata usoni. Weupe wa macho yake ulikuwa njano kama kiini cha yai.

"Unakunywa hiyo?"

"Chai tu."

"Tangu lini?"

"Nitaiosha, usijali, sitachafua sufuria yako."

Sikubishana. Nilizima jiko, nikafunga majani mawili kwenye gazeti, nikamvalisha koti, nikaita gari. Njiani alishika tumbo upande wa kulia na kunikataza kumwambia kaka yake. Dereva alitaka kupita barabara ya soko. Wifi, pamoja na macho yake ya njano, alimwelekeza njia fupi zaidi, na kweli ilikuwa fupi.

Daktari ni mwanamke kijana, hana haraka. Nilimfungulia gazeti. Aliuliza ni mmea gani, umenywewa kiasi gani, kwa muda gani. Wifi akajibu kama anavyojibu mkaguzi: kikombe asubuhi, kikombe jioni, tangu mwisho wa Machi. Daktari alinieleza kwamba komfri ina sumu ambayo haionekani siku moja wala mbili. Inakwenda kidogo kidogo kwenye ini, na ini halina mdomo wa kulia mapema. Wamemtoa damu. Wamesema alale hapa.

Tulipoachwa wawili nilivuta kiti karibu na kitanda.

"Nani alikuambia inanywewa?"

"Ulisema ni jani la mifupa. Mfupa wangu uko ndani. Ningepaka juu ya plasta?"

Ningecheka siku nyingine. "Kwa nini hukuniuliza?"

Alikunja na kukunjua pindo la shuka. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Nilikusikia ukiongea na dada yako. Ukuta wa chumba kile ni wa mbao, mke wa kaka. Nikasema mfupa huu na uunge upesi nikurudishie nyumba yako. Kila jani nililokata niliona naikata siku moja."

Nimezoea kuwa na jibu. Watu wanaonijua watasema hilo ndilo tatizo langu. Leo nilisema lililokuwepo tu.

"Nilisema. Na siku ile nilimaanisha."

"Najua."

"Leo simaanishi."

Akageukia ukutani. "Nipe maji," akasema.

Mei 3

Ini limeumia, lakini daktari anasema tumewahi. Hakuna dawa ya kulirudisha haraka. Dawa ni kuacha, kupumzika na kupimwa damu kila wiki. Nimempigia mume wangu. "Nani amempa hayo majani?" akauliza. Nikamwambia yamekatwa bustanini kwangu, na maneno ya jani la mifupa ni yangu. Sikumtupia dada yake lawama. Lori limekwama mpakani; atafika akishusha mzigo.

Mei 6

Hospitali, nyumbani, hospitali. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wanaamini sisi ni ndugu wa tumbo moja, kwa jinsi tunavyogombana juu ya mto.

Jana alinieleza habari ya posa, bila kuulizwa. Wazazi wao walikufa mapema; yeye ndiye aliyemlea mume wangu tangu akiwa na miaka tisa, kwa mshahara wa kuchoma mikate. "Siku ile nilikuwa naona mtu amekuja kuchukua kila nilicho nacho," akasema. "Mzaha ndio uliokuwa karibu na mdomo." Miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiuchukia mzaha ule, na sikuwahi kujiuliza mtu aliyeutoa alirudi na nani nyumbani usiku ule.

Mei 9

Nimekwenda kwa Mama Sungura. Nimesimama pale pale nilipomtukania, ili kama kuna watu walisikia mara ya kwanza wasikie na ya pili. Nimemweleza mwizi alikuwa nani na amelazwa wapi. Mkononi nilikuwa na ndoo ya maji ya komfri kwa ajili ya viazi vyake.

Alifunua kifuniko, akarudi nyuma hatua mbili. "Umekuja kuomba radhi au kuniua?"

"Kikombe kimoja kwa kumi. Usimwagie jua likiwa kali."

Kesho nitachukua samadi. Jioni yeye amekwenda kumwona mgonjwa.

Mei 14

Ameruhusiwa kurudi. Macho bado yana njano, lakini ya kufifia.

Mei 15

Asubuhi nimetoka na jembe kwenda kwenye komfri. Nimesimama mbele ya shina lile la mlangoni nikiwa sijui mkono wangu unataka nini. Wifi akafika nyuma yangu na magongo yake.

"Unataka kuing'oa."

"Nafikiria."

"Kwa ajili yangu usiing'oe. Imefanya kazi yake. Mimi ndiye niliyeipa kazi isiyo yake." Akachomeka gongo kwenye tope, akasawazisha mguu. "Halafu ulisema ikibaki kipande kama ukucha inarudi. Utachimba bure, na udongo umelowa."

Hilo la udongo alikuwa sahihi. Nimeweka jembe. Ila kila anayepewa jani kwangu kuanzia leo atasikia kwanza neno moja: hii ni ya udongo, haiingii mdomoni. Nimelianza na mtu wa maziwa, aliyekuwa hata hajaomba.

Mei 23

Damu imepimwa, vipimo vya ini vinashuka vizuri. Nyanya ya kwanza imeiva. Nimeikata katikati, nusu yake, nusu yangu, na chumvi. Wifi ametafuna taratibu. "Harufu ile imezaa kitu," amesema.

Mei 30

Mstari mpya nimeukagua mche kwa mche. Mmoja tu umekufa, mahali maji yalipotuama. Iliyobaki ina majani ya ukubwa wa kiganja. Vikonyo vya maua, vyenye vikengele vya zambarau, vimeanza kwenye miche mitatu. Wifi ameviondoa yeye, ameketi kwenye kigoda, amevaa glavu zangu. Amenifokea kwa kuruka mche mmoja.

Juni 5

Plasta imekatwa. Mguu umetoka mwembamba na mweupe kama mtu aliyefungwa jela. Wifi ameutazama akasema, "Huu ni wa nani?"

Juni 10

Mume wangu amefika jioni. Nadhani njia nzima alijiandaa kuamua kesi. Akatukuta nyuma, tunabishana. Wifi anataka majani ya komfri yaliyonyauka yatandazwe kwenye mtaro wa viazi kabla ya mbegu. Mimi nataka mbegu kwanza, majani juu.

"Mko salama?" akauliza.

"Mwulize huyu," wifi akasema, "viazi vinakula kwa mdomo au kwa kisogo?"

Akamtazama dada yake, akanitazama mimi. Akaingia ndani kuoga.

Tumetandaza chini. Tutaona.

Juni 13

Wifi ameondoka. Kazini wanamhitaji, wamempa kazi ya kukaa mpaka mguu upate nguvu, na ngazi anaziweza akizipanda polepole. Kaka yake alibeba begi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema abaki, hata maneno nilikuwa nimeyapanga, lakini yeye alikuwa ameshatandua kitanda, amekunja shuka na kupanga viatu mlangoni kwa furaha ya mtu anayekwenda kwake. Nikayameza. Mtu asibakishwe kwa sababu moyo wangu umechelewa.

Mvua imekoma siku nne sasa.

Juni 20

Wifi amepiga simu kwa sauti ya ofisini. Anahitaji mapazia. Nije kupima.

Nimepanda ghorofa tatu. Kumbe ni chumba na sebule, safi mpaka unaogopa kukanyaga. Madirisha mawili, yote yamezibwa kwa shuka kuukuu iliyopigiliwa misumari. Meza moja. Kiti kimoja. Kwenye rafu kikombe kimoja, sahani moja, na picha ya mume wangu akiwa mtoto wa shule, soksi zimeshuka. Miaka kumi na mmoja nimeshona mapazia ya watu nisiowajua hata majina, na madirisha haya yalikuwa hapa.

Alinivutia kiti. "Kaa, wifi."

Nimelisikia neno hilo, nikajifanya natafuta futi kwenye mkoba.

"Kaa wewe, una mguu."

"Mgeni ndiye anayekaa."

"Mimi mgeni kwa nani?"

Tulikitazama kile kiti. Mwishowe tumeketi chini wote wawili, migongo ukutani, tukanywa chai kwa zamu kutoka kwenye kikombe kile, na ilikuwa ya majani ya dukani, nimehakikisha. Ndipo nikainuka nikapima. Dirisha la kulia ni pana kuliko la kushoto kwa upana wa kiganja. Fundi aliyejenga alikuwa na haraka. Nitalirekebisha kwa mikunjo, hakuna atakayejua.

Kitambaa amechagua yeye, kijani. Nimemwambia upande ule una jua la mchana kutwa, kijani kitapauka kabla ya mwaka. Hakunisikiliza. Kesho nakata.